Maswali ya Wasomaji: Kiwewe cha zamani katika kikao cha maji

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mwenyekiti wa kamati ya mradi wa maji huku Molo. Hivi majuzi tulihudhuria mafunzo ya siku tatu kuhusu uongozi unaotambua kiwewe, yaani jeraha la moyoni analobaki nalo mtu aliyepatwa na mambo ya kutisha. Niliporudi niliwaomba wanachama, mmoja baada ya mwingine, waeleze yaliyowafika wakati wa ghasia za mwaka 2008 zilizofuata uchaguzi hapa Kenya, ili tuanze kazi kwa moyo safi. Mama mmoja alinyanyuka akatoka, na kikao kilichofuata hakuja, wala majirani zake wanne. Tena kuna jambo ambalo limenitatiza tangu awali: katibu akikusanya vitambulisho mlangoni ili aandike mahudhurio, ukumbi wote hunyamaza. Nilikosea wapi? Na je, kazi hii si ya washauri nasaha? – Mwenyekiti, Molo

JIBU: Ndugu Mwenyekiti, ulikosea pale ulipowataka watu wasimulie. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani na washirika wake mwaka 2011 unamfunza mtu asiye mtaalamu mambo matatu, yaani kutazama, kusikiliza na kuwaunganisha watu na msaada; lakini anayesikilizwa ni yule aliyependa kusema, na mwongozo wenyewe unakataza kumshurutisha mtu asimulie yaliyompata. Wewe ulifungua kidonda mbele ya ukumbi mzima, kisha, nadhani, mkaendelea na ajenda ya mabomba.

Kuhusu vitambulisho, sishangai. Mapema mwaka 2008 vijana waliofunga barabara katika Bonde la Ufa walidai vitambulisho ili jina liwaambie msafiri ni wa kabila gani. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zile, ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na Molo ilikuwa imekwisha kuonja moto mwaka 1992, kwa hiyo miongoni mwa wanachama wako huenda wamo waliokimbia zaidi ya mara moja. Mtu wa namna hiyo akimkabidhi kijana kadi yake mlangoni na kungoja irudishwe, mwili hushtuka kabla akili haijamkumbusha kwamba hiki ni kikao cha maji tu. Kila mtu na aandike jina lake mwenyewe, kadi ikibaki mfukoni; mfadhili akitaka nambari, mwenye kadi ndiye ataiandika. Hilo linaweza kuanza kikao kijacho, bila bajeti.

Kutibu kiwewe ni kazi ya wataalamu, na cheti cha siku tatu hakimfanyi mtu tabibu. Kazi yako ni kuhakikisha kwamba uendeshaji wa mradi hauwatoneshi watu. Ajenda iwafikie mapema, mlango ubaki wazi, na kikao kiishe saa mliyopatana. Fundi asipokuja, waambieni siku hiyo hiyo, kwa sababu aliyewahi kuamshwa usiku akimbie hulemewa na jambo la ghafla kuliko habari mbaya aliyotayarishwa kuipokea. Hesabu za fedha zisomwe kwa sauti, risiti zikiwa mezani. Mahali penye historia kama yenu, shilingi isiyoelezwa haichukui muda kugeuka kuwa habari ya kabila. Na kioski cha maji kikae wapi? Wenyeji waamue, hata kama mhandisi ana ramani yake.

Sasa, yule mama. Msimwendee kama kamati nzima. Nenda na mwanamke mmoja anayemwamini, umwombe radhi kwa kumtaka asimulie, wala usimuulize kwa nini alitoka. Mhakikishie kwamba hakuna atakayeulizwa tena swali lile. Akidokeza kwamba halali usiku au anashindwa na kazi zake, mweleze jinsi ya kumpata mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu, na umsindikize ikiwa atapenda. Akiamua kutorudi kikaoni, mpelekeeni muhtasari nyumbani, na jina lake libaki katika orodha ya watakaounganishiwa maji.