Kisima cha Mtongwe na daftari la Rajasthan

SUALI: Assalaam aleikum, Bi Mkubwa. Mimi ni mama wa kikundi cha wanawake huku Mtongwe. Miaka mitatu nyuma tulipata mfadhili akatuchimbia kisima, akatuwekea pampu na tangi. Twauza mtungi wa lita 20 shilingi tano, na siku haikosi mitungi mia na hamsini. Sasa pampu imekufa, fundi ataka 38,000, na mweka hazina asema hakuna kitu. Tukiita watu waje kuzibua mtaro na kuchanga, huja sita, walewale. Jirani yangu Mhindi, mwenye duka la vitambaa mjini, huniambia kwao India vijiji vizima hutoka na majembe wakajichimbia mabwawa bila malipo, hata mito iliyokauka ikarudi. Ni kweli? Na kama ni kweli, mbona sisi watu wa Pwani hatuwezi?
Mama wa kikundi, Mtongwe

JIBU: Wa aleikum salaam, mwanangu. Kabla ya kwenda India nimeshika kalamu. Mitungi 150 kwa shilingi tano ni 750 kwa siku. Kwa mwezi ni 22,500. Hiyo pampu ilikuwa ya kutengenezwa kwa mauzo yasiyotimia miezi miwili, na kisima kina miaka mitatu. Toa ujira wa anayefungua bomba, toa stima, toa siku za masika ambapo kila mtu akinga maji ya mabati, bado hesabu haiangukii kwenye "hakuna kitu". Mimi nimekula mshahara wa ukarani wa hesabu bandarini mpaka nikastaafu, macho yangu hayajui kwenda kwengine. Kwa hivyo hilo la watu wa Pwani kutoweza silikubali. Hao wasiokuja siku ya mtaro si wavivu. Wamekaa barazani kwao wakapiga hesabu hii hii niliyopiga mimi.

Sasa jirani yako. Asemayo ni kweli, ila amekusimulia nusu tamu.

Wilaya ya Alwar, jimbo la Rajasthan, ni pakavu. Mwaka 1985 kijana mmoja, Rajendra Singh, aliacha kazi ya serikali akaenda na wenzake kijiji cha Gopalpura. Alikuwa amesomea dawa za asili za Kihindi, na nia yake ilikuwa kutibu watu na kuwasomesha. Mzee wa kijiji akamwambia hawana haja na dawa wala skuli. Wataka maji, na akitaka kusaidia ashike jembe. Alichoelekezwa kuchimba si kitu kigeni. Ni johad, bwawa la zamani sana la huko: tuta la udongo lililopindwa kama mwezi mwandamo, huwekwa penye mteremko lizuie mvua isikimbie. Maji yakitulia huzama ardhini, na visima vya upande wa chini hupata maji. Wazee walilijua jambo hilo siku zote, ila lilikuwa limeachwa. Gopalpura walipochimba, visima vikajaa, vijiji vya jirani vikaona vikafuata, na ilipofika miaka ya 1990 mto Arvari, uliokuwa na maji wakati wa mvua peke yake, ukawa wapita mwaka mzima. Idara ya serikali ya maji haikufurahi. Wanakijiji waliambiwa mabwawa yao hayana kibali.

Mto ukapata samaki. Serikali ya jimbo ikampa mkandarasi leseni ya kuvua. (Hii ndiyo sehemu ninayoipenda, maana hata bila kufika Rajasthan mtu wa Mombasa ataijua.) Wanakijiji wakakataa, leseni ikaondolewa, na baadaye vijiji takriban 70 vya bonde lile vikaunda bunge la mto, lenye wajumbe wa kila kijiji, la kuamua nani achote maji kiasi gani na mazao gani yasipandwe. Yaani kazi ya majembe ilikuwa mwanzo tu. Ugomvi wa nani atakula ulikuja maji yalipopatikana, kama ulivyokuja kwenu.

Na hilo la "bila malipo" lipunguze. Kujitolea kwa nguvu za mwili kupo huko, na kuna jina lake, shramdan. Lakini tazama Hiware Bazar, jimbo la Maharashtra, kijiji ambacho mvua yake kwa mwaka ni kama milimita 400, wakati sisi Mombasa twapata zaidi ya 1,000 na tunalia. Popatrao Pawar alichaguliwa mkuu wa kijiji mwaka 1989. Mitaro mingi iliyochimbwa milimani kuzuia maji ililipiwa na mpango wa ajira wa serikali ya jimbo, na wanakijiji wakaongeza nguvu zao za bure juu yake. Mtu mwenye njaa hachimbi kwa mapenzi ya jirani mwezi mzima. Kisha wakajiwekea sheria ngumu: visima virefu vya mashine kwa kilimo marufuku, miwa na ndizi marufuku kwa kuwa zanywa maji mengi, na kila mwaka maji hupimwa yakagawiwa kwa hesabu, ya watu na mifugo kwanza, kilimo kipewe yaliyosalia. Mwaka wa mvua haba wanapanda kidogo. Maji nayo wanayawekea bajeti! Niliposoma hilo nilitamani kuhamia.

Lakini kijiji nitakacho ukishike wewe ni Sukhomajri, jimbo la Haryana, karibu na mji wa Chandigarh. Mji ule una ziwa la kujengwa, Sukhna, nalo lilikuwa likijaa mchanga. Wataalamu wakafuata mchanga utokako, wakafika milima ya Sukhomajri, iliyokwisha nyasi kwa kuliwa na mbuzi. Mtaalamu wa udongo, P. R. Mishra, akakaa na wanakijiji katika miaka ya 1970 wakakubaliana: yatajengwa mabwawa madogo ya kuwapa maji ya mashamba, nao waondoe mifugo mlimani. Hakuwekwa askari wala ua. Lakini patano likaingia ufa upesi, kwa sababu maji yalikwenda kwa wenye mashamba. Asiyekuwa na shamba, ambaye mali yake yote ni mbuzi wanne, alikuwa anaambiwa aache mlima ili jirani yake avune ngano. Ungekuwa wewe?

Dawa iliyopatikana ni kwamba kila nyumba ipate fungu sawa la maji, iwe na shamba kubwa, dogo, au haina kabisa. Asiye na shamba aliuza fungu lake kwa mwenye shamba. Tangu hapo kila mtu alikuwa mlinzi wa mlima, maana mbuzi wa mtu mmoja akipanda huko, pesa zilipungua mfukoni mwa wote. Nyasi zikarudi, nazo zikauzwa.

Sasa rudi Mtongwe unijibu: nyumba isiyokuwa na mtu ndani ya kikundi, kisima chenu kinaipa nini? Inanunua mtungi shilingi tano kama ambavyo ingenunua kwa mwenye mkokoteni, bei tu ndiyo rahisi. Kisha mwaiita kuzibua mtaro. Na hao sita wanaokuja, wamepata nini kuliko wasiokuja? Toeni kadi. Nyumba iliyotoa mtu siku ya kazi ipate mitungi kadhaa ya bure mwezi ule, na ikitaka kuuza kadi yake, iuze, isisemwe. Mutaona watu.

La pili ni daftari. Rajasthan kuna majengo ya serikali za vijiji ambayo kuta zake zimeandikwa kwa rangi hesabu za kazi za umma: mradi gani, pesa ngapi, nani kalipwa. Tangi lenu lina ubavu mpana. Nunueni rangi, mwandike kila Ijumaa mitungi iliyouzwa wiki ile, kilichotoka, kilichobaki. Anayekuja na ndoo asome. Asiyejua kusoma atasomewa na mtoto wake, na hao ndio wakali zaidi.

Kuhusu mweka hazina, mwanangu, usimvishe wizi kabla daftari halijafunguliwa. Vikundi vya akina mama navijua. Mara nyingi pesa hazikuliwa. Zimekopeshwa huyu mwenye msiba, yule mwenye karo, na hakuna aliyeandika kwa kuona haya. Mwiteni mbele ya wanachama, mumkalishe kwa heshima, muandike deni moja moja na jina lake. Akikataa, kikundi kilichosajiliwa kina afisa wa maendeleo ya jamii juu yake. Nendeni kwake watatu, msiende kundi.

SUALI: Mimi ni mzee wa mtaa Kisauni. Nimepata habari ya kijiji cha India ambapo walevi walifungwa mlingotini wakachapwa, na kijiji kikastawi. Vijana wetu wanatumaliza kwa unga wa kulevya na wizi. Si vibaya tukianza?
Mzee wa mtaa

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Habari hiyo ni ya kweli. Kijiji chaitwa Ralegan Siddhi, wilaya moja na Hiware Bazar niliyoitaja juu. Anna Hazare, mwanajeshi mstaafu, alirudi kwao mwaka 1975, akatengeneza hekalu la kijiji kwa pesa zake, na baadaye pombe ikapigwa marufuku. Walevi walifungwa wakachapwa kwa mkanda, naye mwenyewe hakuficha.

Nakataa kwamba kijiji kilistawi kwa sababu ya mkanda. Kilikuwa hakina maji, na wengi waliishi kwa kupika pombe kwa kuwa shamba halitoi. Mvua ilipozuiwa kwa mitaro na mabwawa, watu wakavuna, na pombe ikapoteza soko na wapishi. Mkanda ndio uliosimuliwa sana kwa sababu wasimulika vizuri. Na huko kilikuwa kijiji cha ndugu na jamaa. Wewe ukimfunga mtoto wa mtu Kisauni, utakayelala selo ni wewe, na kwa haki. Unga ni ugonjwa, na matibabu ya methadoni, dawa ya kumwachisha mtu unga, yapo hapa hapa Mombasa. Mpeleke huyo kijana, ukae naye foleni.

SUALI: Bi Mkubwa, hapa mtaani kwetu Changamwe kuna vyoo vya umma vilivyojengwa kwa pesa za serikali. Kibao chasema vimekamilika, lakini havina mlango wala maji. Nilipokwenda kuuliza hesabu niliambiwa nirudi kesho, kisha kesho nyengine. Nina haki ya kuona karatasi hizo?
Kijana wa Changamwe

JIBU: Unayo, na mtaa wako ulishawahi kuitumia kabla hata sheria haijatungwa.

Rajasthan tena, uniwie radhi. Mwaka 1990 lilianzishwa huko shirika la wakulima na vibarua, MKSS. Mmoja wa waanzilishi wake, Aruna Roy, alikuwa ofisa wa serikali kuu, akaacha kazi, akaja kuishi na wenzake katika nyumba ya udongo kijiji cha Devdungri. Vibarua waliochimba barabara na mabwawa ya serikali walipunjwa ujira, na wakilalamika huambiwa daftari laonyesha hawakufanya kazi yote. Wakasema basi tuonyesheni daftari. Wakajibiwa ni siri ya serikali.

Wakazipata nakala kidogo kidogo, na Desemba 1994, katika kijiji cha Kot Kirana, wakafunga hema, wakaweka kipaza sauti, wakazisoma mbele ya watu. Katika mikutano ya aina hiyo iliyofuata, husomwa jina, siku alizofanya kazi, pesa alizolipwa, na mwenye jina amekaa palepale aseme kama alizipata. Yalijitokeza majina ya marehemu waliokuwa wakilipwa. Mwaka 1996 walikaa barabarani mji wa Beawar siku 40 wakidai haki ya kuona nakala, na mwaka 2005 India nzima ikapata sheria ya haki ya habari.

Mwaka 2007 MUHURI, shirika la haki za binadamu la hapa Mombasa, likamleta mtaalamu kutoka MKSS kufundisha wakaazi wa Changamwe kukagua miradi ya CDF, zile pesa za serikali za maendeleo ya eneo bunge. Walipata karatasi za baadhi ya miradi, wakaenda nazo mpaka kwenye majengo, wakalinganisha kilichoandikwa na kilichosimama, kisha wakayasema mbele ya baraza. Waulize wazee wa mtaani kwako, kuna watakaokumbuka.

Wao hawakuwa na sheria ya kushika mkononi. Wewe unayo: kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010, na sheria ya kupata habari ya 2016. Andika barua, Kiswahili chatosha, sheria yenyewe yasema hivyo. Taja vyoo hivyo kwa jina na mahali, omba mkataba, makadirio ya gharama na risiti za malipo. Usieleze wazitakia nini, hulazimiki. Kuomba ni bure, utalipia kutoa nakala tu. Wana siku 21 za kukujibu, na wakinyamaza peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Ila usiende na mdomo mtupu tena. Peleka barua mbili, moja waache kwao, ya pili waigonge muhuri na tarehe ya kupokea mbele yako, kwa sababu hizo siku 21 zinahesabiwa tangu hapo, na karani asiyetaka kugonga muhuri mwombe akuandikie jina lake.