Doom: ya kompyuta au ya PlayStation?

Kaka, umeuliza uanze na Doom, lile gemu la kupiga mashetani risasi, ya kompyuta au ya PlayStation. Nimecheza zote, ya pili kibandani Ngamiani, hapa Tanga, kwa pedi iliyolika kitufe cha kufyatulia mpaka unabonyeza kwa ukucha.

Anza na ya kompyuta, ya 1993. Unahifadhi popote ulipofika. Ile ya PlayStation ya 1995 hukupa neno la siri ukimaliza hatua. Ukinakili herufi moja vibaya, imekula kwako. Ila kwa kutisha ndiyo yenyewe! Taa za rangi, na badala ya muziki wa magitaa wa ile ya kompyuta unasikia mivumo na vilio vya watoto. Hatua za Doom II, gemu lililofuata, nazo zimo, lakini Arch-vile, yule mfufua maiti, hayumo. (Afadhali.)

Ya Super Nintendo achana nayo, sakafu na dari ni rangi tupu.