Karatasi ya kutengana: nisaini?

SWALI: Nimeishi na mwenzangu Tandika miaka 9 bila kufunga ndoa, tukazaa watoto wawili na kujenga nyumba. Sasa tunaachana kwa amani, naye ameandika makubaliano anayotaka nisaini wiki hii. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, usisaini kwanza. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinawadhania kuwa wanandoa mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na kutambulika hivyo katika jamii, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa, kwa hiyo tunza risiti za ujenzi na majina ya majirani wanaoweza kutoa ushahidi. Kazi zako za nyumbani nazo ni mchango katika mali hiyo, hata kama hati haina jina lako.

Kama huwezi kumlipa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawalenga watu wasio na uwezo. Hapa Dar es Salaam unaweza kwenda Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu au Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, ukiwa na nakala ya karatasi hiyo na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kuhusu watoto, na hili linanigusa sana, usikubali sentensi yoyote inayomwondolea baba wajibu wa matunzo, kwa kuwa haki hiyo ni yao.