Mazoezi kwa mwenye ugonjwa sugu wa mapafu

Wapo wanaodhani kwamba mwenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa mapafuni asitembee, eti kutembea kutammaliza pumzi. La, hakummalizi. Kukaa kitini siku nzima ndiko kunakodhoofisha misuli ya miguu, hata akahema kwa hatua chache. Tathmini ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopitia tafiti za tiba, iliyokusanya majaribio 65, ilionyesha kwamba mpango wa mazoezi hupunguza kuhema na huongeza umbali ambao mgonjwa anaweza kutembea. Mama yangu, aliyepikia makaa miaka mingi hapa Kawangware, Nairobi, alifunzwa na mtaalamu wa fiziotherapia: apandapo ngazi, huvuta hewa kwa pua, kisha huitoa polepole kwa midomo iliyobanwa, kama anayepoza chai. Mapafu yenyewe hayaponi, na dawa ya kuvuta kwa pumzi haiachwi. Akizidiwa ghafla, aonwe na daktari kwanza.