Barua kwa Mama Mwalimu: Somo la chuoni, muda wa wauza sambaza

Salamu Mama Mwalimu,

Mimi ni asistanti, yaani mwalimu msaidizi, katika chuo kimoja hapa Bukavu, Kongo, nafundisha jinsia na maendeleo. Profesa mmoja wa Marekani ametuomba tufundishe pamoja muhula mmoja kwa njia ya kifeministi: wanafunzi wake na wangu wajifunze kwa kuwahudumia akina mama wanaouza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Kwa sababu ya usalama, wake watabaki kwao na kuingia kwa intaneti. Wangu ndio watakaoshuka sokoni. Mpango wake unanivutia na unanitia wasiwasi. Akina mama wafundishwe kujiamini na uongozi, kila Jumanne saa mbili asubuhi. Darasani tukae duara, kila mmoja asimulie aliyoyapitia kama mwanamke au mwanaume, na hilo lihesabiwe katika pointi, yaani alama za somo. Profesa aitwe kwa jina lake tu. Nilipowagusia wanafunzi, wasichana walinyamaza na CP, kiongozi wa darasa, akacheka. Mama mmoja wa soko akaniuliza: "Mwalimu, hizo pointi ni zenu. Sisi tunapata nini?" Nikubali au nikatae?

Asistanti, Ibanda

Mwanangu,

Kubali, lakini si kwa mpango huo. Mrudishie profesa karatasi yake, na juu kabisa uandike swali la yule mama kwa maneno yake mwenyewe. Muhula mzima unapaswa kulijibu hilo.

Usiogope kuonekana mpinzani. Waliolipa jina somo la namna hii, la kujifunza kwa kuhudumu, huko Marekani, Robert Sigmon na William Ramsey, walifanya hivyo mwaka 1967, na mwaka 1979 Sigmon akaandika kanuni tatu. Wanaohudumiwa ndio wanaoamua huduma iwe ipi. Huduma iwaache wakiwa na uwezo mkubwa zaidi wa kujitegemea na kuwafaa wengine. Na anayehudumu ni mwanafunzi pia, mwenye kauli juu ya kile anachojifunza. Hata kabla ya kanuni hizo, mwaka 1968 kule Mexico, padri na mwanafikra Ivan Illich aliwaambia wanafunzi wa Marekani uso kwa uso kwamba nia njema haitoshi: waje kutazama, waje kusoma, wasije kusaidia. Kwa hiyo unachomdai profesa kimo ndani ya mapokeo yake mwenyewe.

Sasa tutazame hiyo saa mbili asubuhi. Sambaza huvuliwa usiku kwa taa. Alfajiri mitumbwi inaingia, akina mama wanagombania ndoo, kisha ni mbio hadi sokoni kabla jua halijapanda na bei kushuka. Saa mbili ndiyo saa ya kuuza. Aliyeandika saa hiyo hakumwuliza muuzaji hata mmoja.

Na huko kufundishwa kujiamini! Mwanamke anayetoka nyumbani kungali giza, akachukua ndoo ya samaki kwa deni bila karatasi yoyote, neno lake tu likiwa dhamana, akajibizana na watoza ushuru, akalipa ada ya shule na kununua unga wa jioni, leo aketishwe na kijana wa miaka ishirini amfundishe kujiamini? Hapo nakasirika, nasema wazi. Shida ya mama zetu haiko rohoni mwao. Iko, kwa mfano, kwenye ushuru: asubuhi anapita huyu na risiti, mchana yule bila risiti, na risiti yenyewe ni ya Kifaransa. Mwanafunzi wa chuo anaweza kukaa na wauzaji wanaokubali, akaandika kinachotozwa, nani anatoza na kwa karatasi gani. Kisha atafute maandiko ya sheria yanayohusu ushuru huo, ayaweke kwa Kiswahili na kwa Mashi, lugha ya Washi wa hapa kwetu, ayarudishe sokoni. Kazi hiyo mwanafunzi anaiweza, na mama hana muda nayo.

Lakini hata hilo ni wazo langu mimi niliyeketi na kalamu. Waulize wao. Wakisema wanataka msaada wa kuweka sawa daftari la likelemba, ule mchango wa kupeana kwa zamu, basi ni daftari la likelemba. Na saa watakazokaa na ninyi zilipwe kutoka katika bajeti ya mradi, kwa kiwango watakachokubali wao.

Jambo linalonisumbua zaidi ni mgawanyo wa kazi. Wanafunzi wako watembee, waulize, watafsiri kutoka Mashi hadi Kiswahili, kutoka Kiswahili hadi Kifaransa, halafu wengine waliokaa mbele ya skrini waandike ripoti kwa Kiingereza na kuweka majina yao? Huo si ufeministi, hata kama kila ukurasa una neno mwanamke. Tafsiri ipewe pointi sawa na uandishi, maana ndiyo kazi ngumu, na mara nyingi itawaangukia wasichana kwa kuwa akina mama huwafungukia wao. Wale wa Marekani nao wapewe kazi ya kutembea: wawatafute wanawake wanaouza chakula au kusafisha ofisi katika mji wao, wawaulize maswali yaleyale ya malipo, ushuru na deni. Wiki ya tatu kila upande ulete majibu yake, tuone nani anamhurumia nani.

Kabla ya hapo, kipindi cha kwanza kiwe cha sheria za pande zote mbili. Hapa Kongo, Sheria ya Familia ya 1987 ilimtaka mke apate idhini ya mume kabla ya kujifunga kisheria, na sharti hilo liliondolewa 2016. Wageni watatikisa kichwa. Waulize basi ilikuwa mwaka gani sheria ya nchi yao ilipowakataza wakopeshaji kumbagua mwanamke au kumpima kwa ndoa yake: 1974. Waambie pia kwamba Mkongomani Sophie Kanza alipata shahada yake katika chuo kikuu cha Lovanium, Kinshasa, mwaka 1964, akawa waziri 1966, wakati Yale na Princeton, vyuo vikuu vya kwao, zilifungua milango kwa wasichana wa shahada ya kwanza mwaka 1969. Wasichana wako waliokaa kimya watakuwa na la kusema siku hiyo, amini.

Kuhusu duara la kusimuliana, simama imara. Mji wetu unajulikana duniani kwa sababu ya vita juu ya miili ya wanawake. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa 1999, imewatibu wengi, na tunaona fahari kwamba mwanzilishi wake, daktari Mukwege, alipewa Nobeli ya Amani 2018. Lakini sasa mgeni akisikia Bukavu anangoja hadithi moja tu, na akipewa nafasi ataiulizia katikati ya bei ya samaki. Andika katika makubaliano: hakuna anayeulizwa habari za ukatili, darasani wala sokoni, na hakuna pointi zinazotolewa kwa kusimulia maisha yako. Mtu akisema mwenyewe, asikilizwe, na wanafunzi wawe wamejua mapema wamwelekeze wapi kwa matibabu na kwa msaada wa kisheria. Msichana anayenyamaza mbele ya CP anayecheka anajilinda. Mpe karatasi aandike bila jina. Waache wasichana wazungumze peke yao kwanza, kisha wachague wenyewe kinachopelekwa mbele ya wote.

Jina la profesa lisikunyime usingizi. Wako wamwite Prof kama walivyozoea, wake wamwite wanavyomwita.

Mama Mwalimu,

Mimi ni CP wa promosheni yetu, yaani wanafunzi wa mwaka mmoja, nakaa Kadutu. Wenzangu wanasema ufeministi ni mambo ya wazungu ya kuvunja nyumba za watu. Mwanaume ana kazi gani katika somo kama hili?

Mwanangu CP,

Katiba ya nchi yako, iliyotangazwa 2006 baada ya Wakongomani kuipigia kura, inaamuru katika kifungu cha 14 kuondolewa kwa kila namna ya ubaguzi dhidi ya wanawake, na sheria ya usawa ya 2015 ilipitishwa na wabunge wetu wenyewe. Wasomee wenzako kifungu hicho.

Kazi yako ni hii. Tazama promosheni yako: nani msemaji, nani katibu, nani anapika siku mwenzenu anapotetea memwari yake, ule utafiti wa kumalizia masomo? Mkishuka sokoni, mwachie msichana azungumze na akina mama, wewe shika daftari uandike. Jioni msomee uliyoandika, akusahihishe kabla hujampelekea mwalimu. Na mwenzako yeyote akiwacheka wasichana darasani, wewe ndiye CP: mnyamazishe wewe, usimngoje asistanti. Na kama yule CP aliyecheka katika barua ya asistanti ni wewe, nenda ukawaombe radhi wale wasichana kabla muhula haujaanza.