Jibu: Majeruhi kupigwa CT scan Tabora, kisha kurudiwa Mwanza

Mkuu, umeuliza kama kaka yako aliyegongwa na bodaboda amedhurika kwa kupigwa CT scan ya kichwa Tabora, kisha nyingine Mwanza kesho yake. Kwa mtu mzima, CT moja ya kichwa ni takriban milisiveti 2 (kipimo cha dozi ya mionzi mwilini). Mionzi ya asili tu, ya ardhini na angani, humpa mtu wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka. Kwa hiyo hizo mbili zisikunyime usingizi. Kinachopandisha hesabu ni tumbo na nyonga, 8 hadi 10 kwa safari moja, na kifua, kama 6 au 7. Majeruhi akipigwa mwili mzima halafu akarudiwa mwili mzima kwingine, anaweza kuvuka 30. Kwa mtoto ni zito zaidi, maana tishu zake bado zinakua na ana miaka mingi mbele yake ya saratani kujitokeza.

Ila msichanganye kurudia kwa lazima na kurudia kwa uzembe. Fahamu zikishuka alama 2 au zaidi za Glasgow, kipimo cha kiwango cha fahamu, mboni moja ikitanuka, kutapika kukianza upya, au mgonjwa anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na picha ya kwanza ilionyesha damu, usibishane na daktari hata dakika moja. Damu ndani ya fuvu huua kwa saa chache.

Kinachoniuma ni picha kutosafiri na mgonjwa. Anapita Nzega, anapita Shinyanga, anafika Mwanza na karatasi ya majibu tu, au filamu iliyopigwa picha kwa simu ikatumwa WhatsApp. Kwa picha hiyo daktari hawezi kubadili mwonekano kutoka wa ubongo kwenda wa mfupa, wala kuigeuza aione shingo kwa ubavu. Atarudia tu.

Kabla gari la wagonjwa halijaondoka, omba picha zote kwenye CD au flashi kwa mfumo wa DICOM, yaani faili halisi za picha za hospitali, siyo JPEG, picha ya kawaida kama ya simu, pamoja na vipande vyembamba vya milimita 1 au pungufu. Hapa ndipo wengi hukwama: mashine hupiga vyembamba, lakini kinachohifadhiwa mara nyingi ni vya milimita 5. Kwa ubongo vinatosha. Kwa shingo, ukivigeuza, pingili hutoka kama ngazi na ufa mdogo hupotea. Data ghafi hukaa kwenye mashine muda mfupi, kisha hufutwa kupisha za wagonjwa wapya, hivyo kuomba baada ya wiki ni kuchelewa. Ifungue CD kwenye kompyuta nyingine hapohapo.

Omba na ukurasa wa dozi. Tafuta namba ya DLP, yaani jumla ya mionzi ya picha hiyo kama mashine ilivyoihesabu: ya kichwa cha mtu mzima zidisha kwa 0.0021, ya tumbo kwa 0.015. DLP 1,000 ya kichwa ni milisiveti 2.1, DLP 700 ya tumbo ni 10.5. Ni makadirio, lakini yaandikwe kwenye fomu ya rufaa.

Wenzangu wa chumba cha mionzi: vueni hereni, vibanio vya nywele na hirizi yenye chuma kabla, si baada ya picha kuharibika. Mikono ipandishwe juu kwa CT ya tumbo kama mabega hayajavunjika, la sivyo mistari itafunika ini na wengu. Na tumbo la majeruhi kwa kawaida halihitaji mzunguko bila dawa ya kontrasti (inayochomwa kwenye mshipa ili viungo vionekane vizuri) kwanza; mzunguko huo karibu unazidisha dozi mara mbili.

Mtoto wa zaidi ya miaka 2 aliyeanguka mwembeni, hata kama tawi lilikuwa juu, kama yuko macho kawaida, hakupoteza fahamu, hajatapika, kichwa hakimuumi sana na hana dalili za ufa kwenye kitako cha fuvu, muulize daktari kama anaweza kuangaliwa wodini kwa muda wa saa 4 hadi 6 kwanza.