Barua kwa mwanangu: Sanamu la Wadogon na swali la sebuleni

Mwanangu,

Picha ya sanamu uliyoipiga kwenye Makumbusho ya Metropolitan hapo New York nimeiona. Unauliza kama hiyo ndiyo miungu ya Wadogon, wale watu wa Mali, Afrika Magharibi, na kama kuna ubaya ukinunua sanamu ya namna hiyo kwenye duka la mtaani kwenu ukaiweka sebuleni, maana unamwogopa shangazi yako. Shangazi ana lake la kusema hata ukiweka chombo cha maua, kwa hiyo huyo tumwache.

Si miungu. Muumba wa Wadogon ni Amma, na madhabahu yake ni kichuguu cha udongo, hakichongwi sura. Sanamu za miti zina kazi nyingine, na ukitaka kuzielewa usianze kuuliza zinamwonyesha nani. Uliza zilikuwa zinafanyiwa nini.

Hiyo ya picha yako ni ya mume na mke juu ya kigoda kimoja. Mkono wa mume umepita mabegani mwa mkewe mpaka kifuani. Ule mwingine ameuelekeza kwenye uzazi wake mwenyewe. Umeipiga kwa mbele tu. Ungezunguka nyuma ungemwona mume ana podo la mishale na mke ana mtoto mgongoni. Chini ya kigoda wapo watu wadogo wanne waliobeba uzito wote, na wengi huwaona kuwa ni wahenga ambao walio hai wamewaegemea. Halafu huyo mama ana pambo mdomoni! Nilipoliona nilimkumbuka bibi yangu na ndonya yake, ingawa kati yetu Wamakonde na Mali kuna bara zima. Ni kazi ya karne ya 18 au mwanzoni mwa 19, kimo chake sentimita 73, na wataalamu wanadhani sanamu kubwa kama hiyo ilitolewa hadharani kwenye mazishi ya watu wazito.

Ndogo zilikaa kwenye madhabahu za ukoo, gizani, na zililishwa. Zilimiminiwa uji wa uwele na damu ya mnyama wa kafara, mwaka hadi mwaka, mpaka uso wa mti ukapotea chini ya ugaga. Makumbusho huuita ugaga huo uzuri wa mambo ya kale. Mimi nauita hesabu ya maombi. Zipo pia zilizonyoosha mikono juu, ambazo kwa kawaida huelezwa kuwa zinaomba mvua. Ukijua kwamba watu hawa wanalima chini na juu ya majabali ya Bandiagara, pembezoni mwa Saheli, kwa msimu mmoja wa mvua, huhitaji maelezo marefu.

Mchongaji wa sanamu hizo ni mhunzi. Wahunzi wa Kidogon ni watu wa ukoo wao, huoana wenyewe kwa wenyewe, na aliyefua jembe ndiye aliyechonga komeo la ghala na sanamu ya madhabahu. Vinyago vya kuvaa usoni ni habari nyingine: hivyo wanaume wa chama cha Awa hujichongea wenyewe, kwa ajili ya dama, ngoma ya kumaliza matanga na kuisindikiza roho ya marehemu itoke kijijini. Aliyevaa kanaga, kile kinyago chenye msalaba wa mikono miwili juu, huinama ghafla akauzungusha mpaka ncha ikagusa vumbi. Sisi tuliokua tukikimbizwa na mapiko, vinyago vya ngoma yetu ya Kimakonde, tunajua kwamba kinyago kilichotundikwa ukutani ni nusu ya kitu. Wanawake hukaa mbali na ngoma hiyo. Lakini wanaume hao hao wanacho kinyago kiitwacho satimbe, chenye sanamu ya mwanamke juu, kumkumbuka aliyevigundua vinyago kwanza kabla wanaume hawajamnyang'anya. Angalau wanakiri.

Sasa maana ya kanaga. Wapo wanaosema ni ndege. Mtafiti Mfaransa Marcel Griaule, aliyeketi na mzee kipofu wa Kidogon, Ogotemmêli, mwaka 1946, alipata hadithi kubwa za uumbaji, na kwa mkondo huo kanaga ikasomwa kuwa ni Amma akiumba. Mwaka 1991 mtafiti Mholanzi Walter van Beek, aliyeishi miaka mingi na Wadogon, akaandika kwamba hadithi hizo hakuzikuta kwa watu. Mimi namsadiki zaidi van Beek, japo za Ogotemmêli ni tamu.

Kinachonivutia mimi zaidi ni toguna, banda la mikutano ya wanaume. Nguzo zake hupata kuchongwa maziwa ya mwanamke, na paa lake ni matabaka ya mabua ya uwele, chini kiasi kwamba mtu hawezi kusimama. Anayepandwa na hasira akiinuka anagonga kichwa.

Nguzo hizo ziliibwa. Milango ya ghala nayo iliuzwa, hasa ukame wa miaka ya 1970 ulipobana watu. Mali ilitunga sheria za urithi wake mwaka 1985 na 1986, na Marekani yenyewe tangu 1993 inazuia kuingizwa kwa vitu vya kale kutoka bonde la Niger na mapango ya Watellem, waliokaa Bandiagara kabla ya Wadogon. Kwa hiyo mwenye duka akikuambia sanamu yake ni ya kale, muulize ilitoka Mali mwaka gani na karatasi ziko wapi. Akibabaika, toka nje. Ama ni ya wizi, ama ni mpya iliyopakwa masizi, na huo ugaga wa kughushi haumchukui fundi muda.

Ikiwa anakiri kuwa ni mpya, iliyochongwa kwa ajili ya wageni, nunua bila wasiwasi. Hakuna aliyeimiminia uji. Ila mimi ningechukua komeo la ghala kuliko mume na mke. Ni dogo, linaingia kwenye sanduku la safari, na utaniletea Desemba nilione kwa mkono.

Mama yako,
Newala